Mlenda mkavu wa Majengo na chakula cha wanaanga



Kiangazi, anga la Dodoma linapokuwa halina wingu, kuna jioni ambazo giza likianza kuingia utaona kitu kinang'aa kikitokea upande wa magharibi. Hakimetameti kama nyota, wala hakina taa za kuwaka na kuzima kama ndege. Kinakata anga kimyakimya kuelekea mashariki, dakika nne au tano hivi, kisha kinapotea. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ndani yake wamo watu, kwa kawaida saba. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa bila mtu hata siku moja. Kiko kilomita 400 hivi juu yetu, pungufu kidogo ya safari ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam, na kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, kiasi kwamba kinaizunguka dunia mara 16 kwa siku.

Watu wale wanakula nini? Wanapikaje? Jioni hii nataka tulizungumze hilo, na nitakueleza kwa nini linatuhusu sana sisi wa Kanda ya Kati, tunaokula uwele, mtama, mahindi na mlenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza.

Kwanza ondoa mawazo ya jiko. Kule hakuna moto wa kupikia. Hewa ni ya kuhesabu na milango yote imefungwa, kwa hiyo moto ni kitu cha kuogopwa sana. Hata sufuria haifai, kwa sababu maji hayatulii ndani yake. Na hapa nirekebishe jambo moja ambalo wengi tulifundishana vibaya: mvutano wa dunia kule upo, tena karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa chini. Ila kituo chenyewe na kila kilichomo, watu, vijiko, matone ya maji, vinaanguka pamoja wakati wote, na kwa sababu vinakwenda mbele kwa kasi kubwa mno, havifiki chini. Vinabaki kuizunguka dunia. Ndiyo maana kila kitu kinaelea.

Basi mwanaanga akisikia njaa anafungua kasha la chakula na kutoa pakiti bapa ya plastiki. Ndani yake mna chakula kilichokwisha kupikwa duniani na kukaushwa: wali na kuku, mboga za majani, mayai ya kuvuruga, kamba. Pakiti ina tundu dogo lililozibwa kwa mpira. Anaipachika kwenye mashine ya maji, anachagua maji ya moto au ya kawaida, anapima kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti kwa mililita. Sindano inapenya kwenye mpira, maji yanaingia, sindano inatoka na mpira unajifunga wenyewe. Kisha anaiminyaminya pakiti kwa vidole ili maji yafike kila pembe, anaiacha dakika kumi hivi, anaikata juu kwa mkasi na kula kwa kijiko chenye mpini mrefu kinachofika chini kabisa.

Wengi hudhani kila tonge linaruka hewani. Halifanyi hivyo, mradi chakula kiwe na urojo wa kushikana. Mchuzi mzito unang'ang'ania kijiko mpaka mdomoni. Kwa hiyo wanaowaandalia wanaanga vyakula huhakikisha vingi vina kitu cha kuvishikanisha. Mgogo wa hapa Dodoma akisikia sharti hilo atajua mara moja kwamba mlenda ungelitimiza bila kuongezwa kitu.

Vipo vyakula vingine ambavyo havikaushwi. Nyama na michuzi hufungwa kwenye mifuko ya karatasi ya alumini na kupikwa kwa mvuke wenye shinikizo mpaka vijidudu vyote vife, kwa njia ileile ya vyakula vya kopo. Mifuko hiyo hupashwa moto kwenye kifaa kinachofanana na mkoba wa kuweka nyaraka. Karanga na biskuti huliwa kama zilivyo. Chumvi imeyeyushwa kwenye maji na pilipili manga imechanganywa na mafuta, kwa sababu punje kavu zikimwagika zitaelea mpaka machoni, puani au ndani ya mitambo.

Mkate ndio uliowasumbua. Tarehe 23 Machi 1965 Wamarekani wawili, Gus Grissom na John Young, walirushwa kwenye chombo kilichoitwa Gemini 3. Wakiwa juu, Young akatoa mfukoni mkate wenye nyama ya kopo aliokuwa ameuficha bila idhini. Grissom akaumega, chembe zikaanza kutawanyika, ikabidi aurudishe mfukoni haraka. Safari nzima haikuzidi saa tano, lakini mkate ule ulizungumzwa mpaka kwenye Bunge la Marekani, na wakuu wa shirika lao la anga, NASA, wakalazimika kuahidi kwamba jambo kama hilo halitarudiwa. Jibu lilipatikana miaka 20 baadaye. Novemba 1985 mwanaanga wa Meksiko, Rodolfo Neri Vela, aliomba apakiwe tortila, ile mikate myembamba ya kwao ambayo mtu wa huku akiiona ataiita chapati. Haina chembe, inakunjika, inabeba kitoweo, na inashikika kwa mkono mmoja. Tangu hapo mkate wa kawaida ulikosa nafasi, na mpaka leo tortila ndiyo inayoshika nafasi yake kule.

Hamu ya chakula nayo hubadilika. Mtu akifika kule, maji ya mwili hupanda kichwani, uso huvimba, pua huziba kama ya mwenye mafua, na ladha hufifia. Wengi huomba pilipili hata kama nyumbani hawakuwa walaji wa pilipili. Kamba wenye mchuzi mkali wa kuchoma puani wamekuwa kipenzi cha wanaanga kwa miongo mingi.

Wenzetu wa Ghuba nao wamefika. Septemba 2019 Hazza Al Mansouri wa Falme za Kiarabu alikaa kule siku chache, akawakaribisha wenzake vyakula vya kwao, vikiwemo tambi za sukari, chakula ambacho msikilizaji wa Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa. Kabla yake, Oktoba 2007, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alirushwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Pale ambapo jua huchomoza na kuchwa mara 16 kwa siku, ufunge kwa saa zipi? Masheikh wa nchi yake waliandika mwongozo: afuate saa za mahali alipoondokea, na kwa kuwa ni msafiri, ana ruhusa ya kulipa baadaye. Napenda sana namna walivyolichukua swali hilo kwa uzito wake, wakalijibu.

Sasa tushuke Majengo, sokoni hapa Dodoma.

Ukiingia Soko la Majengo ukaacha nyuma mafungu ya nyanya na vitunguu, utafika kwa wauza vikavu. Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, samaki wa Mtera, kunde, choroko, karanga, uwele. Katikati ya hivyo vipo viroba vilivyokunjwa midomo, vimejaa kitu cha kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Hiyo ni ilende, mlenda uliokaushwa na kutwangwa. Hupimwa kwa kopo au kwa sado. Chukua kidogo kiganjani: ni mwepesi mno, una harufu ya majani makavu, na ukigusisha kidole kilicholowa unaanza kuteleza papo hapo. Maji kidogo tu, na lile jani lililochumwa miezi sita iliyopita limeamka.

Kazi yake inaanzia shambani wakati wa masika. Mlenda huu mara nyingi hujiotea wenyewe katikati ya uwele na mtama. Akina mama huuchuma, wakautandaza mkekani au juu ya mwamba, jua likaukausha, ukatwangwa, ukachekechwa na kuhifadhiwa. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, milimita chini ya 600 kwa mwaka wa kawaida. Baada ya hapo nchi inakauka, na kaya ya kijijini isiyo na bustani ya kumwagilia itasubiri miezi saba kuona jani bichi. Katika miezi hiyo mama anachemsha maji, anatia magadi kidogo, anamimina ilende huku akikoroga, anaongeza karanga zilizotwangwa, na kabla ugali haujapoa kitoweo kimekwiva. Kuni kidogo, maji kidogo, muda kidogo.

Nimezieleza kazi hizi mbili, ya chakula cha wanaanga na ya ilende, moja baada ya nyingine kwa makusudi, kwa sababu naona ni kazi moja. Mboga ya majani kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiyaondoa, mzigo unapungua na vijidudu vinakosa pa kuishi. Anayerusha roketi anaondoa maji kwa sababu kila kilo inayopanda inagharimu fedha nyingi, na mwanaanga mmoja huhitaji karibu kilo 1.8 za chakula kwa siku ukijumlisha na vifungashio. Mama wa Bahi au Chamwino anaondoa maji kwa sababu kati ya masika na masika kuna kiangazi kirefu. Wasukuma huchemsha viazi kwanza ndipo wavikate na kuvikausha, wakapata matobolwa. Na kwa wanaanga utaratibu ni huohuo, kupika kwanza, kukausha baadaye, ili mlaji abaki na kazi ya kurudisha maji tu.

Tofauti iko kwenye namna ya kukausha. Chakula cha wanaanga hugandishwa mpaka maji yake yote yawe barafu, kisha huwekwa kwenye chumba kilichoondolewa hewa. Katika hali hiyo barafu haiyeyuki. Inageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka. Chakula kinabaki na umbo lake, rangi yake na sehemu kubwa ya virutubisho. Jua letu ni la bure na linakausha vizuri, ila mwanga wake mkali unaharibu vitamini A na C za majani. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe hushauri mboga ikaushwe kivulini penye upepo, au kwenye kaushio la jua lililofunikwa, ambamo joto linafika bila mwanga kuipiga mboga. Rangi ni shahidi mzuri: ilende iliyobaki kijani imetunza vingi kuliko ile iliyogeuka kahawia.

Wala usidhani wenzetu wa roketi wamelimaliza tatizo hilo. Chakula chao kikikaa miaka, vitamini C na B1 hupungua humohumo ndani ya pakiti. Kwa kituo kinachozunguka jirani si taabu, maana mzigo mpya huletwa mara kwa mara, pamoja na matunda mabichi yanayogombewa siku ya kwanza. Kwa safari ya kwenda sayari ya Mars na kurudi wanataka chakula kinachodumu na virutubisho vyake miaka mitano, na bado hawajakipata. Wanajaribu kupanda mboga hukohuko. Tarehe 10 Agosti 2015 wanaanga walikula saladi ya majani waliyoiotesha wenyewe kituoni. Shirika la anga la Ulaya nalo limeshughulika miaka mingi na spirulina, ule mwani mdogo wa maji ya magadi. Jamaa zake wa karibu ndio wanaowalisha heroe wadogo wa Ziwa Natron, hapa kwetu Tanzania.

Maji, niyataje kwa kifupi. Mkojo, jasho, hata mvuke wa pumzi za wanaanga hukusanywa na kusafishwa yawe maji ya kunywa tena. Mwaka 2023 walifikia kurudisha asilimia 98. Sisi tunaotegemea visima vya Mzakwe, huku jiji likipanuka kila mwaka, tunaweza kuipa heshima namba hiyo.

Lakini lililonifanya nichague mada hii ni jambo jingine, nalo lilianzia kwenye kampuni ya kusaga unga.

Mwaka 1959 kampuni ya Pillsbury ya Minneapolis, Marekani, iliombwa kutengeneza chakula cha watu watakaorushwa angani. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa mwanasayansi Howard Bauman. Sharti lilikuwa moja lisilo na mjadala: chakula kisimwangushe mtu. Fikiria mtu aliyefungiwa ndani ya chombo kidogo, hana choo cha maana, hana daktari, hawezi kushuka, kisha ashikwe na kuhara na kutapika. Anaweza kufa, na safari yote ikafa naye.

Bauman na wenzake walianza kwa njia iliyozoeleka: tengeneza chakula, kisha chukua sampuli upeleke maabara. Wakagundua kwamba njia hiyo haiwapi uhakika. Ukipima pakiti kumi ukazikuta safi, ya kumi na moja inaweza kuwa na sumu. Ili wawe na hakika walitakiwa kufungua pakiti nyingi kiasi kwamba zilizobaki za kuliwa zingekuwa chache. Basi wakageuza kazi yote. Wakaacha kutegemea kipimo cha mwisho, wakaanza kukifuata chakula tangu kinapotoka. Hii nafaka imetoka wapi? Imepita mikono ya nani? Katika hatua hii, hatari gani inaweza kuingia? Ni hatua ipi ambayo tukiisimamia hatari hiyo inakatika? Kipimo chake ni nini, joto kiasi gani, dakika ngapi, unyevu kiasi gani? Nani anapima, anaandika wapi, na kipimo kikikosewa tunafanya nini?

Utaratibu huo wakautangaza hadharani mwaka 1971. Leo dunia nzima inaujua kwa herufi HACCP, na mwaka 1993 uliingizwa kwenye miongozo ya kimataifa ya usalama wa chakula. Kwetu ulifika kwa kishindo. Kati ya mwaka 1997 na 2000 nchi za Ulaya zilizuia zaidi ya mara moja samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa hofu ya vijidudu, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa habari za wavuvi waliotumia sumu. Sangara wakakosa soko, na mji wa Mwanza ukaumia, kadhalika Kisumu na miji ya Uganda. Soko lilifunguka pale viwanda na mialo vilipokubali kusimamia kila hatua kwa utaratibu huohuo uliobuniwa kwa ajili ya wanaanga: barafu, maji safi, joto la samaki linalopimwa na kuandikwa tangu anaposhushwa mtumbwini.

Kwa hiyo sangara anayepanda ndege kwenda Ulaya anafuatiliwa kila hatua. Nauliza kuhusu mahindi yanayobaki hapa. Nauliza kuhusu karanga ya kwenye uji wa mtoto.

Mwaka 2016, msikilizaji, katika mikoa hii ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuumwa ugonjwa ambao mwanzoni haukueleweka: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika. Walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ilikuja kuthibitika kwamba ni sumukuvu, iliyokuwa kwenye mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe majumbani. Kenya ilikwisha kuonja uchungu huo mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake: waliougua 317, waliokufa 125. Hawa ni ndugu zetu waliokula ugali wa jioni.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoishi udongoni. Ukame ukilipiga zao, wadudu wakatoboa punje, au mavuno yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu hao hushamiri. Sumu yake hula ini, kwa kasi ikiwa nyingi, na polepole, mpaka saratani, ikiwa kidogo kidogo ya miaka. Moto wa kupikia hauiondoi. Kuchambua na kutupa punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi kunapunguza, na kunafaa kufanywa kila siku, lakini punje inaweza kuonekana safi na kumbe imebeba.

Na sikiliza hili vizuri, maana ndipo hadithi ya Bauman inapokutana na yetu. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Inaweza kuwa kwenye punje chache tu, tena nyingi mno humo, huku maelfu ya punje za jirani yakiwa hayana kitu. Ukichota kiganja kimoja ukapeleka maabara ukaambiwa ni salama, unaweza kuwa umekikosa kile kiganja kibaya. Ni shida ileile ya pakiti kumi na ya kumi na moja. Kipimo cha mwisho peke yake hakitutoshi, hata kama kila soko lingekuwa na maabara yake. Kilichobaki ni kuzisimamia hatua.

Hatua hizo wakulima wetu wanazijua. Mahindi yasirundikwe chini kwenye udongo baada ya kuvunwa. Yawekwe juu ya turubai au kichanja. Yasipigwe kwa fimbo ndani ya gunia, maana punje zinapasuka na ufa ndio mlango wa kuvu. Yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, kiwango kilichowekwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Yahifadhiwe makavu, kwenye mifuko isiyopitisha hewa kwa anayeweza kuinunua. Wengi wetu hukadiria ukavu kwa kung'ata punje. Meno ya mzee mzoefu ni mazuri, lakini kipo kipimo kingine kisicho na gharama, nami nakiomba ukijaribu.

Tafuta chupa ya kioo, safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza punje za mahindi mpaka robo au theluthi. Ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Kama chumvi ina majimaji, ianike kwanza juani. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Sasa tazama ukuta wa chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Kioo kikiwa kisafi, yako chini ya hapo, na siku nyingine ya jua haitadhuru kabla hujafunga mfuko. Hiyo ni hatua moja, kipimo kimoja, na uamuzi wa kufanya kipimo kikikosewa. Huna haja ya roketi.

Kwa mama mwenye mtoto aliyeanza kula, nina neno la pekee. Uji wa lishe tunaousifia, mahindi na karanga zikisagwa pamoja, umekusanya mazao mawili yanayoathirika zaidi na sumukuvu, na unapewa mtu mwenye ini dogo kuliko wote nyumbani, mara kadhaa kwa siku. Simwambii aache karanga. Mtoto anahitaji mafuta na protini yake. Namwomba azichambue moja moja kabla ya kusaga, atupe zilizosinyaa na zenye ukungu, na wala asiwape kuku. Achanganye na uwele au mtama, ambazo kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi, na ambazo udongo wetu unazikubali. Asinunue unga wa lishe uliokwisha kusagwa kwa mtu asiyeweza kumweleza karanga zake alizitoa wapi.

Wakubwa wa jiji na wa masoko nao nina ombi kwao. Kifaa cha kupimia unyevu wa nafaka kinatosha kiganjani. Napenda kuona kinatumika kwenye mzani wa kila soko la nafaka, hapa Majengo, Kibaigwa, Kondoa, kabla gunia halijashushwa, na namba yake iandikwe kama uzito unavyoandikwa. Mnunuzi na muuzaji wote wawili waione.

Ilende nayo isisahaulike. Inayoanikwa kando ya barabara inakusanya vumbi, na mchanga wake utausikia kwenye meno. Yupo mama anayeanika kwenye kichanja kilichoinuliwa, kivulini, akaifunika kwa chandarua, akaiosha kabla ya kuianika na kuifunga ikiwa imekauka sawasawa. Ilende ya namna hiyo utaijua kwa rangi yake. Kazi yake ni ya siku zaidi, na ndoo mbili tatu za maji zaidi, maji ambayo pengine kayanunua. Anapofika Majengo anakuta kopo lake linalinganishwa na la jirani, na wateja wanamvuta ashushe bei mpaka zilingane. Muulize alivyokausha. Akikueleza ukaridhika, mwongezee hiyo mia mbili au mia tano anayoiomba, kwa sababu asipoipata, mwakani atatandaza barabarani kama wengine, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Juma lijalo, majaliwa, tutazungumzia visima vya Mzakwe.